Pembe Niliyoipuliza Kabla ya Kusoma Karatasi ya Pili

Nakumbuka asubuhi moja nilipopuliza pembe ya msaragambo, ile ya kuitia watu kazi ya kijiji, nikiwa na kofia mpya kichwani na ujinga mwingi chini yake. Cheka tu, mwanangu, sikukatazi. Lakini tangu ulipopanda kutoka Same leo mchana na kuiweka hiyo bahasha mezani, ukatuambia mimi na mama yako kwamba umeteuliwa katibu wa kamati, nimekuwa nikiitazama kwa jicho baya. Mama yako ameshangilia, na ana haki. Mimi nimekupa hongera, kisha nikageukia birika. Usidhani nina wivu. Nimeogopa, basi. Kunywa chai yako nikwambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na mwandiko mzuri, ndiyo maana wazee wakanipa ukatibu wa mfereji wetu. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika zamu za maji daftarini na kutunza pembe. Ndiva unaijua, umekulia hapa, ingawa nyie vijana siku hizi mnaipita na bodaboda kama mnapita dimbwi la ng'ombe. Ile ni akiba ya maji ya kijiji kizima. Walioichimba ni babu zetu, kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya mfereji yanaingia yanajaa, kukicha mwenye zamu anazibua kizibo anamwagilia shamba lake. Ukiiondoa ndiva, kiangazi hakuna tangawizi, hakuna maharage, hakuna hata mchicha wa kumpa mgeni.

Na pembe ile ikilia, mwanangu, haiulizwi swali. Inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Unaacha uji unachemka. Sijapata kumwona mtu wa huku milimani akisimama mlangoni kuuliza, "Tunaitiwa nini?" Anakwenda, na akifika ndipo anaambiwa kama ni kuzoa tope, kutengeneza barabara au kumjengea mjane. Hiyo ndiyo nguvu ya pembe. Kwamba ndiyo hatari yake pia, mimi sikulijua.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Wakulima wa mpunga huko chini Ndungu walilalamika kwamba sisi wa juu tunayazuia maji, na hawakuwa waongo moja kwa moja, maana kila mwenye kiu huona wa juu yake ndiye mchoyo. Ikaundwa kamati ya watu saba kulitazama jambo hilo. Mwenyekiti wake alikuwa mtu mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, jina lake silitaji, watoto wake wapo na ni watu wema. Siku ya Jumatatu akapanda hadi kwetu na gari, akaniita kando, akanivisha kofia yenye maandishi, akanipa barua.

"Wewe ni msomi," akaniambia. "Utakuwa mkono wetu huku juu."

Weee! Mimi, mkono wa kamati! Kichwa kikavimba hata kofia ikanibana. Barua ilikuwa karatasi mbili zimebanwa kwa pini. Ya kwanza ilikuwa na muhuri wa bluu na maneno yaliyokolezwa wino: ndiva zote za juu zibomolewe ukuta, Jumatano asubuhi, ukaguzi ni saa nne. Karatasi ya pili niliiona. Nasema niliiona, sikusema niliisoma. Ilikuwa na maandishi madogo madogo, nikasema hayo ni ya makarani.

Marehemu bibi yako, mama yangu mzazi, aliniuliza, "Mwenyekiti wa kijiji anajua?"

"Ameshuka Same kwenye msiba, anarudi Alhamisi."

"Si umsubiri basi? Kuuliza si ujinga."

"Mama, hii ni serikali!" nikamjibu, tena kwa sauti. Mungu anisamehe. Akaendelea kuchambua maharage.

Basi Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, nikapanda kilimani nikaipuliza pembe. Niliipuliza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu kama arobaini wakaja na majembe mabegani wakitaniana, wakidhani ni tope la ndiva. Nikasimama juu ya ukuta, nikasoma karatasi ya kwanza.

Utani ukakatika. Mzee mmoja akauliza polepole, "Ukuta gani?"

"Huu."

"Huu huu uliosimama juu yake?"

"Serikali imesema," nikajibu. "Saa nne wanakuja kukagua. Atakayekaidi nitaandika jina lake."

Ungewaona wale watu. Hakuna aliyetaka, na hakuna aliyeweza kuondoka, kwa sababu pembe ilikuwa imelia, na tangu enzi za babu zao mtu aliyeitwa na pembe hageuki na jembe safi. Vijana wawili wakatazamana, wakatema mate viganjani, wakaanza kuchimba juu ya ukuta. Jembe la kwanza lilipoingia kwenye ule udongo, wanawake waliguna wote kwa pamoja.

Hapo ndipo Bibi Nakiete alipoingia majini. Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na ushee, jirani yetu, ndiye aliyemzalisha mama yangu aliponipata mimi. Zamu ya maji siku ile ilikuwa yake, na shamba lake la tangawizi lilikuwa chini kabisa ya ule ukuta, matuta manne, yamebakiza majuma machache kuvunwa. Hakupiga kelele. Alivua kandambili, akazipanga vizuri ukingoni, akateremka ndani ya ndiva na kanga zake mpaka maji yakamfika kiunoni, akaegemeza mgongo ukutani.

"Chimbeni," akasema. "Maji yakitoka, nami nitoke nayo."

Majembe yakasimama. Nikatazama saa, saa mbili na nusu. Nikawaza mwenyekiti wa kamati atakuja akute ukuta umesimama na kikongwe yumo majini, nami ni mkono wake! Na mtu mwenye hofu akiwa na cheo, mwanangu, hutamka maneno ambayo hata shetani angefikiri kwanza. Nikamwambia, "Bibi, toka, ama utalala ndani."

Akanitazama. Hakukasirika, na ningependa sana angekasirika. "Mikono hii ndiyo iliyokupokea," akasema. "Sasa unaniweka ndani?"

Nikageuza uso. Na kabla sijatafuta jibu, maji yakajijibia yenyewe. Ule mtaro mdogo waliouchimba vijana ulikuwa umefikia usawa wa maji, ukaanza kutiririka. Kwanza ulikuwa mwembamba kama mkojo wa mtoto. Ukala udongo. Ukapanuka. Kipande cha ukuta kikalainika na kuinama mbele ya macho yetu, hatua tatu tu kutoka alipoegemea Bibi Nakiete.

"Mtoeni bibi! Leteni migomba! Udongo kwanza, maneno baadaye!"

Sauti ile ilikuwa ya Mzee Sefania. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi, amestaafu, anatembea na fimbo, ndiyo maana alifika mwisho. Wanaume wawili wakamnyanyua Bibi Nakiete akipinga. Wengine wakakata migomba, wengine wakabeba mawe, wanawake wakapiga udongo kwa mikono. Mimi nikaruka nikasukuma mgongo wangu kwenye ufa, na koti langu, na ile kofia mpya pia, vyote vikaingia kwenye tope. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeutoboa huo ufa mwenyewe, kwa mbiu.

Tuliuziba. Lakini kipande cha upana wa mlango kilikuwa kimekwenda, na maji yaliyopita hapo yalishuka moja kwa moja kwa Bibi Nakiete. Matuta matatu kati ya manne yalifagiliwa. Tulisimama juu tukitazama tangawizi zake zikibingirika bondeni na udongo wake mweusi. Yeye alisimama katikati yetu, kanga zinachuruzika maji. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya watu nikiwa mtu mzima na ndevu zangu.

Mzee Sefania akakaa juu ya jiwe, akavaa miwani. "Lete hiyo barua."

Nikampa, imelowa. Karatasi ya kwanza aliipitisha tu kwa jicho. Akaifunua ya pili, akaisoma yote, kisha akairudia. Halafu akaniuliza swali ambalo nitakuuliza na wewe leo: "Hii kamati imezaliwa na nani?"

"Serikali, mzee."

"Ala! Serikali ina tumbo moja? Keti chini." Nikaketi kwenye tope. Watu wote wakasogea, maana kila mmoja alitaka kujua ameogopa nini asubuhi yote ile.

"Sikia," akasema. "Viko vyombo vilivyozaliwa na Katiba yenyewe. Mahakama imo mle. Tume ya kusimamia uchaguzi imo mle. Tume ya kupokea kilio cha mtu aliyeonewa na mwenye madaraka, nayo imo mle. Vyombo hivyo, mkubwa hata aamke vibaya vipi, havifuti kwa barua, mpaka Katiba iguswe, na kuigusa Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge waseme ndiyo. Vimewekwa juu hivyo ili viweze kumwambia hata mkubwa kwamba hapa umekosea.

"Viko vilivyozaliwa na sheria ya Bunge. Bodi ya maji ya bonde ni kimojawapo. Mabaraza ya ardhi. Halmashauri ya kijiji hiki, ambayo wewe hukuisubiri hata siku moja. Hivi nguvu yake imeandikwa kwenye sheria, kifungu kwa kifungu, na kikiruka nje ya kifungu chake kimepotea. Bunge likitaka linakibadili au kukifuta, ila lazima likae.

"Halafu viko vilivyozaliwa na kalamu. Kiongozi ana kazi, anataka msaada, anaandika: naunda kamati, naunda kikosi kazi. Ana haki hiyo, tena mara nyingi ni jambo jema. Lakini mtoto wa kalamu anaishi kwa maneno ya ile karatasi iliyomzaa. Hana chakula kingine. Sasa hii yako, unajua karatasi yake, hii ya pili, inasema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Inasema: kuchunguza hali ya maji na kutoa ushauri. Basi. Aya mbili na sahihi. Wamepewa macho na mdomo. Jembe hawakupewa."

Hakuna aliyecheka. Kwa mbali tukasikia gari likipanda kona ya mwisho. Saa nne kamili.

Mwenyekiti wa kamati akashuka, na nyuma yake mgambo wawili. Akatazama ukuta, akaona umezibwa. Uso ukabadilika. "Nani kaziba?"

Nilikuwa nimeketi na tope mpaka masikioni. Nilitaka kusema ni wao. Ulimi ulikuwa umeshaanza njia. Nikamwona Bibi Nakiete amejifunga kanga kavu ya mtu, anatetemeka kwa baridi, nikasimama. "Ni mimi, mzee. Nilibomoa mimi, na nimeziba mimi."

"Mkamateni huyu!"

Mgambo mmoja akanishika mkono. Hapo watu wakasogea na majembe yao, kimya, bila kutishia mtu, lakini walisogea. Nikaona balaa inakuja. Jembe moja likiinuliwa pale, mwanangu, leo tungekuwa tunasimulia msiba, na aliyewaita na majembe yao ni mimi.

Mzee Sefania akainuka kwa fimbo yake, akaingia katikati. "Shikamoo, mwenyekiti," akasema, yeye aliyekuwa na umri wa kuwa baba yake. Yule bwana akababaika, akajibu, "Aa, shikamoo wewe, mzee." Kumbe adabu nayo ni silaha. "Sina ugomvi na wewe. Naomba utusomee karatasi hii ya pili, kwa sauti, watu wasikie. Ikiwa inasema kubomoa, mimi nitakuwa wa kwanza kushika jembe."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri. Ninayemuulizia ni aliyekizaa cheo chako, na alikutuma nini."

Akaichukua karatasi. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kwaya, ikashuka, ikashuka, alipofika kwenye "kutoa ushauri" tulikuwa tunamsikia kwa shida. Nami nikaona jambo ambalo sikulitegemea: hata yeye hakuwa ameisoma. Alikuwa amevishwa kofia kama mimi, na mtu mwingine.

Mzee Sefania hakumkomoa. Akamwambia polepole, "Maji ya Ndungu ni haki yao, tunajua. Kibali cha maji kina chombo chake kilichozaliwa na sheria, tutakwenda huko pamoja, sisi na watu wa chini. Wakituonea huko, mahakama zipo. Na mwenye madaraka akituonea, ipo tume iliyozaliwa na Katiba kusikia kilio hicho. Ngazi zipo. Wewe andika ushauri wako, na uandike pia kwamba umeona matuta ya bibi huyu."

Mgambo akaniachia mkono kabla hata hajaambiwa. Wakapanda gari, wakaondoka.

Kamati ile haikufika mwisho wa mwaka. Karatasi iliileta, karatasi nyingine ikaiondoa, na mwenye kofia akabaki na kofia. Bodi ya maji ilikuja baadaye, ikapima. Usidhani ilitupendelea. Ilituambia siku mbili kila juma tufungue maji yashuke chini, na mpaka leo tunafungua, tena wewe mwenyewe umewahi kunung'unika. Lakini ile ilikuwa amri ya mwenye haki ya kuamuru, imeandikwa, ina mahali pa kukatia rufaa. Inauma, ila inaheshimika.

Na Bibi Nakiete? Kiangazi kizima nilibeba udongo kichwani kutoka bondeni kurudisha kwenye matuta yake. Kuomboleza hakujazi tuta. Majuma mawili hakunisemesha. Siku moja akainama kwenye tope, akachomoa kipande cha tangawizi kilichosalimika, akanifutia kwa kanga yake, akasema, "Kapande kwenu. Kikikua utakuwa unakumbuka kusoma." Nilikipanda nyuma ya jiko. Kila msimu nimekivuna na kukirudishia mbegu yake ardhini. Ni hiyo hiyo iliyomo kwenye chai unayokunywa sasa.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Cheo ni dhamana, na dhamana ina mwenyewe. Siku wakikupa kofia, usianze kwa kuuliza itakukaa vipi. Uliza chombo chako kimezaliwa na nani: ni Katiba, ni sheria ya Bunge, au ni kalamu ya mtu? Kisha uliza kimetumwa nini, na kimekatazwa nini. Kama ni cha kalamu, usikidharau, kina kazi yake, ila usikitume kuingilia kazi ya chombo cha sheria, wala usimtishe kikongwe kwa nguvu ambayo hukupewa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kumbuka watu wetu wamezoea kuitika wito kabla ya kuuliza. Huo ni uzuri wao. Ole wake anayeutumia uzuri wa watu kuwabomolea.

Mungu wa baba zako akuongoze, mwanangu. Akupe macho ya kusoma hadi mstari wa mwisho, na ulimi usiomwaibisha aliyekupokea duniani. Kazi yako ijaze ndiva za watu, isizipasue, na utakapovuliwa kofia, upite kijijini ukiamkiwa na kila mlango.

Haya, maliza chai. Sasa fungua hiyo bahasha, na uanze na karatasi ya pili.